Koti Lililovaliwa Likiwa Moto

Kuna watu huamshwa na jogoo, na kuna watu huamshwa na adhana. Nasike aliamshwa na mabega yake. Alfajiri hiyo alilala macho wazi katika chumba chake cha kupanga kule Nateete, akiusikiliza mwili kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya bati, kujua imeanzia wapi na inaelekea wapi. Ilianzia shingoni. Ikashuka mabegani, ikapita kiunoni, ikatua magotini na kukaa hapo kama mgeni aliyeletewa mkeka. Usingizi alikuwa ameulala, lakini ulikuwa usingizi wa kuazima. Mwenyewe alikuwa ameshakuja kuuchukua.

Ugonjwa huo haukuwa na jina. Daktari alimpima damu, akampiga picha, akamgonga magoti kwa kinyundo kidogo, kisha akamwambia kwa upole, "Binti, huna ugonjwa. Punguza mawazo." Nasike alimshukuru, akatoka, akaketi kwenye ngazi za hospitali kwa sababu miguu ilikataa kushuka.

Jana yake, mwanamke mmoja wa sokoni alimwona anavyoinama kwa shida kuchagua nyanya, akamhurumia. "Bambi, pole mwanangu, mwili unauma wote?" Nasike akaitikia kwa kichwa. Mwanamke akamfungia kipande cha emumbwa, ule udongo mkavu uliokandwa na majani ya dawa. "Sugua kidogo kwenye kikombe cha maji, unywe mchana. Utapoa." Nasike, msichana wa Bungoma ambaye Kampala ilikuwa bado inamfundisha mambo yake kidogo kidogo, alikitia kipande hicho pembeni mwa leso yake akapiga fundo.

Laiti angeuliza swali moja tu zaidi.

Alifanya kazi kwenye nyumba ya dobi kule Kisenyi, nyumba ndefu iliyojaa mvuke, harufu ya wanga na kanzu nyeupe zilizoning'inia kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Mwenyewe alikuwa Hajati Kulusum, Mnubi wa Bombo, mwili mkubwa na sauti kubwa kuliko mwili. Hajati alikuwa na sheria moja iliyozidi nyingine zote: hakuna kukaa kwenye meza ya pasi.

"Pasi ni kama swala," alipenda kusema. "Unasimama, unanyooka, unamwelekea Mungu."

Nasike alisimama. Aliijua njia ya kusimama na maumivu. Asubuhi alianza na vitu vidogo, leso na kola, mpaka mabega yalegee. Alipiga kwa mkono wa kulia, ukichoka akahamia wa kushoto. Na alipoona hakuna anayemtazama, alikunja kitambaa kibichi, akakipitishia pasi ya makaa, ile yenye kijogoo cha chuma juu ya kifuniko, akakiweka kitambaa hicho cha moto nyuma ya shingo. Hapo alifumba macho. Kwa pumzi chache alikuwa mtu asiye na mwili, anaelea katika mvuke pamoja na kanzu.

Lakini mwezi uliopita koti moja la bendi ya polisi lilitoka likiwa na mkono uliolegea, likarudishwa. Hajati alilitupa mezani. "Likirudi jingine, Nasike, meza hii nampa Loice. Sina ubaya na wewe. Nina kazi."

Loice, msichana wa Kiganda aliyefua nguo uani, aliinamisha kichwa kwenye beseni lake. Aliitaka ile meza, tena sana. Lakini alimpenda pia mwenye meza.

Makoti ya bendi! Ndiyo yaliyomleta Oloya kwa Nasike.

Oloya alipiga tarumbeta. Alikuwa Mwacholi mrefu, mwenye masikio yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria na sauti ya chini ambayo mtu alilazimika kuisogelea. Kila Jumamosi ya gwaride alikuja na sanduku la mbao la bendi, amevaa fulana tu, kuchukua makoti. Jumamosi ya kwanza koti lake halikuwa limepoa. Alilivaa hivyo hivyo likiwa moto, akafunga vifungo mpaka shingoni, akafumba macho.

"Linachoma, afande," Nasike alimwonya.

"Hapana," alisema. "Ni kama kukumbatiwa." Kisha masikio yake yakaiva kwa aibu.

Tangu siku hiyo koti la Oloya lilipigwa pasi mwisho, baada ya yote, ili lisipoe. Kumbatio lililozidi hilo hawakuwahi kupeana. Oloya alikuwa amelelewa na shangazi yake baada ya wazazi kufariki, naye alimwahidi shangazi huyo kwamba hatamgusa binti wa watu mpaka ng'ombe wa mahari wafike kwao. Basi walipendana kwa kupitia kitambaa.

Jumamosi iliyopita, hata hivyo, waligombana.

"Acha kazi hii," Oloya alimwambia barazani. "Naona unavyotembea. Nitakulisha mimi."

"Na maumivu atayalisha nani?"

"Nasike, mimi nasema kwa sababu..."

"Najua sababu. Sikiliza, Oloya. Nikikaa nyumbani, maumivu yatanikuta peke yangu. Hapa yananikuta na watu. Yananikuta nimeshika kitu kilichokuja kimekunjamana na kinaondoka kimenyooka. Ukinitoa hapa, utakuwa umeoa maumivu matupu."

Oloya alilibeba sanduku lake, akaondoka. Kutoka njiani aligeuka akasema shangazi yake anakuja Jumapili ya wiki ijayo kumwona Nasike, kisha akapotea kati ya magereji.

Nasike aliibeba Jumapili hiyo wiki nzima kama jiwe kwenye kiatu. Shangazi aliyezoea kuona mwanamke akilima mpaka jua ndilo linalochoka, Nasike atamwambia nini? Kwamba mkamwana wake huchoka kwa kuchana nywele?

Basi ikafika Jumamosi yetu. Kwenye benchi la wateja alikaa mama mmoja wa makamo, mwembamba, mnyoofu, kikapu magotini, gauni lake la kitenge limekabidhiwa kupigwa pasi. Gauni lilipokwisha hakuondoka. Alisema anapumzisha miguu. Macho yake hayakupumzika. Yalimfuata Nasike alipochuchumaa kuchukua makaa, yalimwona alivyoinuka, mkono kiunoni, pumzi ikikatika. Yalimwona akikataa mandazi ya Hajati kwa sababu maumivu yakizidi tumbo nalo hugoma.

Wakati wa chai Nasike alifungua fundo la leso yake. Akatoa ule udongo, akausugua kwenye kikombe, maji yakageuka rangi ya matofali. Akanywa.

Vichwa vyote viligeuka.

"Nasike!" Loice alisimama uani, povu likimtiririka viwikoni. "Emumbwa? Bambi, mbona hukuniambia mimi rafiki yako?"

"Kukuambia nini?"

Loice alicheka, akafunika mdomo. Hajati Kulusum alikuwa ameshafika mezani, amekitazama kikombe, ametazama tumbo, ameshika kiuno. Uso wake mkubwa ulilainika kama siagi karibu na jiko.

"Ndiyo maana!" alisema. "Ndiyo maana kuchoka, ndiyo maana kutembea kama bibi kizee. Na mimi ninamgombeza mwenye watu wawili! Msichana huyu hana ulimi? Loice, lete kigoda changu. Siyo hicho, kile changu cha mto!"

Hapo ndipo Nasike alipofahamu. Kampala nzima ilijua, isipokuwa yeye, kwamba mwanamke kijana akinywa emumbwa mchana kweupe, watu huanza kuhesabu miezi.

Alifungua mdomo kukanusha. Lakini kigoda kilikuwa kimeshawekwa nyuma yake, na mikono ya Hajati ilikuwa imeshamshika mabega na kumkalisha. Akakaa.

Ewe Mola, kukaa! Magoti yalilia kwa furaha. Mgongo ulishuka taratibu kama ndege anayerudi kiotani. Kigoda kilikuwa kirefu kiasi cha kuifikia meza. Akainua pasi akiwa amekaa, akaivuta juu ya koti jeupe, nayo ikateleza. Miaka miwili alikuwa ameumwa mchana na usiku, na hakuna aliyempa hata kona ya benchi. Mtoto asiyekuwepo alimpatia kigoda chenye mto kabla chai haijapoa.

Akanyamaza. Msimlaumu. Nani angesimama?

Akapiga pasi na kuota. Katika mvuke ule alimwona mtoto mwenyewe, ana masikio ya vishikio vya sufuria, amelala juu ya rundo la kanzu safi. Alimwona Oloya akimpigia tarumbeta polepole, kwa kuziba mdomo wa tarumbeta kwa kofia yake ya polisi. Makoti yalikwisha moja baada ya jingine, mikono imenyooka, kola zimesimama. Hata akili yake, ambayo siku mbaya ilijaa ukungu mpaka akasahau jina la kitu alichokishika, ilikuwa nyeupe na tulivu.

Alipoinua macho, yule mama wa benchini alikuwa amesimama mbele yake, machozi yanamtoka, anatabasamu.

"Mimi naitwa Santa," alisema, kwa Kiswahili cha kambini alichojifunza alipokuwa mke wa askari. "Mimi iko shangazi ya Oloya. Nafika jana. Nasema, wacha niende kwanza peke yangu, nione huyu msichana kabla yeye hajavaa nguo ya wageni."

Nasike akajaribu kuteremka apige magoti amsalimu.

"Wacha, wacha! Usipige magoti, mtoto ataumia." Santa alimzuia kwa mikono miwili. "Kweli, asubuhi roho yangu nakataa. Nasema, huyu ni mvivu, huyu nachoka bure. Kumbe! Oloya naniahidi hatagusa mtu, lakini damu ni damu. Nitamkasirikia kesho. Leo nafurahi." Akatoa kikapuni mtungi mdogo uliofunikwa kwa jani la mgomba. "Ufuta na karanga. Nasaga mimi mwenyewe, kwa jiwe. Hii naongeza maziwa."

Mtungi ukawekwa mezani, karibu na pasi. Harufu yake ilikuwa harufu ya nyumba iliyokubali mtu. Na Nasike bado hakusema neno.

"Oloya mwenyewe huyo anakuja!" Loice alipiga kelele kutoka mlangoni.

Santa akatoka mbio kama msichana. Nasike aliona yote kupitia dirisha lakini hakusikia kitu: Oloya ameweka sanduku chini, ameshtuka kumwona shangazi, ameinama kumsalimu. Shangazi anamshika masikio yote mawili, anamvuta, anamnong'oneza, anampiga kofi la mapenzi kifuani. Na Oloya amesimama. Amesimama tu. Kisha midomo yake ikasogea, na Nasike aliyajua maneno hata bila kuyasikia: Asante, shangazi.

Akaingia na fulana yake na sanduku lake. Hakumtazama mtu mwingine. Akaja mpaka mezani, pasi ikawa katikati yao, akasema kwa ile sauti ya chini ambayo mtu huisogelea.

"Nimepongezwa, Nasike."

"Oloya..."

"Mimi sijawahi kukugusa hata kidole." Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini hayakuwa makali, na hilo ndilo lililomuua. "Sitauliza ni nani. Wiki nzima nimejilaumu kwa maneno yangu ya juzi, kumbe huenda ulikuwa na mzigo mwingine. Kama ni kweli, nitasema ni wangu. Shangazi ameshaamini. Wewe kaa kimya tu."

Watu wa mapenzi, mnayajua maneno matamu. Mmeambiwa nyinyi ni nyota, nyinyi ni asali. Nasike aliambiwa "nitasema ni wangu", kando ya pasi ya makaa, na mtu aliyedhani ameibiwa. Akaona kwamba akikaa kimya atapata kila kitu, kigoda, ufuta, bwana, na kwamba kila siku mtu huyu ataamka na kulala na uongo wa Nasike kifuani akiulea kama mtoto.

Akashika ukingo wa meza. Akainuka. Magoti yakamlaani, akayaacha yalaani.

"Hajati," alisema kwa sauti, "Mama Santa. Hakuna mtoto."

"Nini?" Hajati alishusha kikombe.

"Emumbwa nilipewa sokoni kwa sababu mwili unaniuma. Sikujua maana yake hapa. Nilipojua, nilinyamaza, kwa sababu kigoda kilikuwa kitamu." Akamgeukia Santa. "Sina mimba. Oloya ametimiza ahadi yake, Mama, usimkasirikie. Mimi naumwa. Naumwa kila siku, kutoka shingo mpaka nyayo, na daktari haoni kitu. Kesho nitaumwa pia. Pengine nitaumwa siku ya harusi yangu, kama nitakuwa nayo."

Oloya alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetolewa majini.

Hajati ndiye aliyerudi duniani kwanza. "Basi kigoda changu kinarudi," alisema, akakichukua, japo hakumtazama Nasike machoni. "Sheria ni sheria. Pasi ni kama swala."

"Hajati." Nasike hakujua ujasiri huo ulitoka wapi. Labda ukishamwaga maji yote, huogopi tena kumwagika. "Yule mzee anayeswali amekaa, pale barazani mwa msikiti, kila Ijumaa. Yeye naye ana mimba?"

Loice aliangua kicheko, akakimeza. Hajati Kulusum akashika koti mojawapo lililopigwa pasi siku hiyo Nasike akiwa kigodani, akalinyanyua kwenye mwanga wa mlango, akaligeuza mbele na nyuma, akatafuta kosa kwa hamu ya mtu anayetaka kosa. Mkono ulinyooka. Kola ilisimama.

"Ulimi wako umenyooka kuliko pasi yako," alisema mwishowe. "Mgonjwa huswali amekaa. Hilo silikatai. Lakini kigoda changu ni changu!"

Hapo Oloya aliinama. Aliyatoa makoti machafu yaliyokuwa kwenye sanduku la bendi, akaligeuza sanduku kichwa chini, akalisukuma mpaka nyuma ya Nasike, akalipangusa kwa kiganja.

"Kaa," alisema.

"Hilo ni mali ya serikali, wewe!" Hajati alifoka. "Mkubwa wako akiuliza?"

"Hata mimi ni mali ya serikali, Hajati. Mbona kila Jumamosi naachwa hapa?" Akamgeukia Nasike, na sasa sauti yake ilikuwa yao wawili tu. "Makoti nitayabeba mikononi. Na ile habari ya kuacha kazi, sitaisema tena."

Nasike akakaa juu ya sanduku la bendi. Lilikuwa gumu kuliko kigoda. Lilikuwa lake.

Santa alisimama na kanga yake imekazwa kifuani, ameutazama mtungi. Furaha ilikuwa imemtoka usoni, na bila furaha hiyo alionekana amesafiri mbali mno. Akauchukua mtungi kutoka mezani. Oloya akafanya kama anataka kusema, naye akamnyamazisha kwa jicho.

"Kwetu mwanamke nalima," alisema. "Mimi siwezi kudanganya, mimi nataka mtoto wa kubeba. Nyumbani watauliza mimi, huyu naweza nini? Sijui nitajibu nini."

"Ndiyo, Mama," Nasike alisema.

"Lakini ungeweza kunyamaza." Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma anga kabla ya kuanika mtama. "Mimi mwenyewe ningenyamaza. Hajati, nipe kikombe."

Akamimina ufuta kikombeni, taratibu, mpaka nusu ya mtungi, akakiweka mbele ya Nasike. Mtungi akaufunika tena kwa jani lake.

"Hii ni ya wewe. Hii nyingine narudi nayo kesho kutwa. Ukija nyumbani kwetu, tutamaliza pamoja." Akafikiri. "Kuja wakati wa jua. Baridi si nzuri kwa mifupa."

Akatoka barazani kumsubiri mwanawe, mgongo umenyooka.

Likabaki koti moja, la Oloya. Nasike alitia makaa mapya, akanyunyiza maji, akalipiga pasi akiwa amekaa, mgongo kwanza, kisha kifua, kisha mikono. Maumivu hayakuwa yamesikia habari yoyote njema. Yalikuwepo palepale, yakimshika mabega kama kawaida. Lakini aliyapitishia pasi nayo, akaendelea.

Oloya alisubiri kwa fulana yake. Nje, wenzake wa bendi walikuwa wakipiga filimbi kumwita. Siku hizo wengine walitoka asubuhi wasirudi tena, na watu wa Kampala walikuwa wamejifunza kuagana bila haraka, hata anayekwenda mtaa wa pili, hata anayerudi jioni. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Kila mmoja alimtazama mwenzake vizuri, akamkariri.

Nasike alilinyanyua koti akilishika mabegani, mvuke ukitoka. Oloya akageuka, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili. Akafunga vifungo mpaka shingoni.

"Linachoma?" Nasike aliuliza.

Oloya alifumba macho. Akakunja mikono juu ya kifua chake mwenyewe, kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

"Ngoja kidogo," alisema. "Halijapoa."